"Nasikia, daktari": Ganzi inazuia nini na haizuii nini kwenye upasuaji mdogo wa ngozi

"Unasikia?" daktari anauliza.

"Nasikia," mgonjwa anajibu.

Daktari anachukua sindano na kuongeza dawa ya ganzi. Baada ya dakika mbili anagusa tena. "Na sasa?"

"Bado nasikia, daktari."

Sasa wote wawili wana wasiwasi. Mgonjwa anadhani ganzi imemkataa na kwamba atakatwa hivyo hivyo, mzima mzima. Daktari anahesabu kichwani dawa aliyokwisha kutumia, kwa sababu ina kiwango chake na hawezi kuendelea kuimimina kama maji.

Mara nyingi katika mazungumzo ya namna hii ganzi imeshashika. Kinachowachanganya ni neno moja. Kwa Kiswahili tunasikia redio, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia mkono wa mtu begani, na tunasikia maumivu. Neno ni lile lile. Daktari aliuliza kuhusu maumivu, mgonjwa akajibu kuhusu mkono.

Makala haya ni kwa ajili yako unayesubiri kufanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi, au wewe utakayemsindikiza mama, babu au mtoto. Tunazungumzia ule upasuaji ambao mtu anaingia asubuhi na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo: kutoa uvimbe wa mafuta mgongoni, kukata kidonda kisichopona, kupasua jipu, kushona ndewe la sikio lililochanika, au kuchukua kipande kidogo cha ngozi cha kupeleka maabara. Hapa Kanda ya Kati kazi hizi hufanyika kwenye hospitali za wilaya kama Kongwa, Mpwapwa na Kondoa, kwenye hospitali ya Mvumi, na mjini Dodoma kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wengi bado tunaiita Jenerali, au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kazi ndogo zaidi, kama jipu la kawaida, humalizwa hata kwenye kituo cha afya.

Karibu zote hufanywa kwa sindano ya ganzi. Hakuna nusu kaputi. Utakuwa macho tangu mwanzo hadi mwisho, ukisikia sauti na harufu zote, na hapo ndipo hofu inapoanzia.

Hofu hiyo ina gharama

Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua zikishakatika, miezi inapita bila wingu la kueleweka. Kwa mtu mwenye ualbino, jua hilo ni adui wa kila siku, maana ngozi yake haina rangi ya kumkinga. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477 nchini Tanzania, na wengi wao wanaishi vijijini ambako kazi ni shamba na mifugo.

Saratani ya ngozi kwa watu hawa huanza kwa unyenyekevu. Kinatokea kigaga kigumu juu ya sikio, kwenye mdomo wa chini, nyuma ya shingo au mgongoni mwa kiganja. Kinabanduka, kinatoa damu kidogo, kinarudi. Kikiwa na ukubwa wa punje ya hindi, daktari anaweza kukikata chote chini ya ganzi kwa muda wa nusu saa hivi na mgonjwa akarudi nyumbani na nyuzi chache. Kikiachwa mwaka mmoja au miwili, kinaweza kula sikio, kikashuka kwenye tezi za shingo, na safari ikawa ya Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwa matibabu marefu ambayo nayo huenda yasitoshe. Utafiti uliofanywa kwa watu 350 wenye ualbino nchini na kuchapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba madhara ya jua huanza utotoni, na saratani huwakuta wengi wakiwa bado vijana.

Kwa sababu hiyo Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda, kilichopo KCMC mjini Moshi tangu miaka ya mwanzo ya 1990, hakikuishia kufundisha madaktari wa ngozi. Kiliendesha pia kliniki za kutembea zinazowafuata watu wenye ualbino waliko, na hapo hapo Moshi yanatengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun.

Si watu wenye ualbino pekee. Kovu kubwa la moto la zamani linalofunguka na kugeuka kidonda kisichopona baada ya miaka mingi linaweza pia kuwa limeingiwa na saratani, kwa mtu wa rangi yoyote ya ngozi. Katika nyumba zetu za mafiga makovu ya namna hiyo si machache.

Mtu huahirisha kwenda kukatwa kwa sababu nyingi. Kuna nauli, kuna msimu wa kupanda, kuna wa kumwachia mbuzi. Hayo makala haya hayawezi kuyatatua. Hofu ya kisu inaweza kupungua mtu akijua mapema atasikia nini.

Ganzi inafanyaje kazi

Dawa inayotumika zaidi inaitwa lidokeini, na wahudumu wengi wa hapa kwetu huiita lignokeini. Ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na wanakemia Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ni dawa ya bei nafuu.

Ngozi ina mishipa ya fahamu inayopeleka habari kwenye ubongo. Mishipa hiyo haifanani. Ile inayobeba maumivu makali ni myembamba. Inayobeba mguso, mgandamizo na mtikisiko ni minene zaidi. Ganzi inapoingia huikamata ile myembamba kwanza, na ile minene huchelewa kuzimika au haizimiki kabisa. Fikiria kiangazi cha kwetu: vijito vidogo hukauka mapema, wakati kwenye korongo kubwa bado unaweza kuchimba ukapata maji.

Ndiyo maana ganzi ikishashika vizuri bado utasikia mambo mengi. Utasikia kidole cha daktari kikibonyeza. Utasikia ngozi ikivutwa, wakati mwingine kwa nguvu, hasa anapotoa uvimbe wa mafuta, ambao husukumwa na kuchomolewa kama kokwa kwenye embe. Wakati wa kushona utasikia uzi ukipita, kitu kama kamba inayovutwa ndani ya nguo. Hayo yote yanakera na yanatisha, lakini hayapaswi kuuma. Kisichotakiwa kuwepo ni makali: kuchoma kama mwiba, kukata kama wembe, au moto.

Kwa hiyo ukiulizwa "unasikia?", usijibu "nasikia" ukaishia hapo. Sema "nasikia mguso", "nasikia kuvutwa", au "nasikia makali". Maneno mawili tu, na daktari anajua kama aendelee au asimame. Na wahudumu mnaotusoma, swali zuri zaidi ni hili: "Bibi, unasikia makali au mguso tu?" Linaokoa muda kuliko kuuliza "unasikia?" mara tano.

Kwa wazee wanaozungumza zaidi Kigogo, Kirangi au Kisandawe kuliko Kiswahili, msindikizaji mwenye lugha hiyo aombe kubaki karibu, angalau hadi ganzi ijaribiwe. Nesi akimwamkia bibi "mbukwa" ni jambo jema, ila kujieleza wakati kisu kiko kwenye ngozi kunahitaji lugha pana kuliko salamu.

Sindano yenyewe

Tuseme ukweli: sehemu inayouma katika upasuaji wa ngozi ni sindano ya ganzi. Uchungu wake ni wa aina mbili. Kwanza ni mchomo wa sindano, ambao ni mfupi. Pili ni moto wa dawa inapoingia, unaodumu sekunde kadhaa hadi nusu dakika, kisha unafifia wenyewe. Moto huo unatokana na dawa kuwa na asidi kiasi, na ngozi kutanuliwa ghafla na maji yanayoingia.

Daktari ana njia za kuupunguza, na nyingi hazigharimu kitu. Anaweza kutumia sindano nyembamba. Anaweza kuipasha dawa mkononi hadi ifikie joto la mwili, maana dawa ya baridi huuma zaidi. Anaweza kuchanganya dawa na sodiamu baikaboneti ya hospitali, kipimo kimoja kwa tisa au kumi vya ganzi, ili kuvunja asidi. (Hiyo ni dawa maalumu ya sindano. Magadi ya kupikia mlenda yabaki jikoni.) Anaweza kukufinya ngozi ya pembeni wakati sindano inaingia, ubongo ukashughulika na mfinyo. Na kubwa kuliko zote ni kuichoma taratibu. Mililita moja ikisukumwa kwa haraka inauma kuliko mililita tatu zilizosukumwa polepole.

Una haki ya kusema, "Daktari, naomba uichome taratibu." Hakuna atakayeona umemkosea adabu.

Pengine dawa itachanganywa na adrenalini ili kubana mishipa ya damu, damu isitoke nyingi na ganzi idumu zaidi. Ukipewa hiyo, moyo unaweza kwenda mbio na mikono kutetemeka kwa dakika chache. Wengi hudhani wanakufa, au baadaye huandika kwenye daftari la kliniki kwamba wana mzio wa ganzi. Mzio wa kweli wa lidokeini ni nadra sana. Mapigo hayo hutulia.

Kuna dalili nyingine ambazo usizinyamazie hata kidogo: masikio kuvuma, ulimi au midomo kufa ganzi wakati hujachomwa mdomoni, ladha ya chuma mdomoni, au kizunguzungu kikali. Hizo zinaweza kuonyesha dawa imezidi kwenye damu, na daktari anatakiwa aambiwe hapo hapo. Kiwango kinachofuatwa na wengi ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili kwa ganzi isiyo na adrenalini, na 7 kwa ile yenye adrenalini. Mtu wa kilo 60 akipewa ganzi tupu ya asilimia 1 hafiki mililita 20. Ikiwa ni ya asilimia 2 ni nusu ya hapo. Ndiyo maana daktari wa mwanzo wa makala haya alikuwa anahesabu, na ndiyo maana kusema "nasikia" bila kufafanua kunaweza kukumalizia kipimo chako bure.

Baada ya kuchoma, subira. Ngozi ya mgongo au paja hushika ndani ya dakika mbili tatu. Kidole, ambacho huchomwa ganzi pande zote mbili kwenye shina lake, kinaweza kuchukua dakika kumi. Daktari anayeanza kukata kidole dakika moja baada ya sindano ana haraka zake mwenyewe, na ni halali kumwambia bado hakijafa ganzi.

Mbona jipu liliuma?

Karibu kila kijiji kina mtu atakayekwambia, "Mimi walinichoma ganzi na niliona nyota." Ukimdadisi, mara nyingi utakuta alikuwa anapasuliwa jipu.

Hasemi uongo. Nyama iliyojaa usaha ina asidi nyingi, na katika asidi hiyo lidokeini inashindwa kupenya kuingia kwenye mishipa ya fahamu. Zaidi ya hapo, jipu lenyewe limebana, na kuliongezea maji ya sindano ni kuongeza mbano. Mtaalamu mzuri huchoma ganzi kwenye ngozi nzima inayolizunguka, na juu yake kijuujuu tu, halafu anasubiri. Hata hivyo kukamua na kusafisha ndani kunaweza kuuma. Kwa jipu kubwa au lililo mahali pabaya, kama karibu na njia ya haja kubwa au kwenye titi, uliza kama kuna njia nyingine ya kukutuliza, pamoja na nusu kaputi.

Ila uzoefu wa jipu usikutishe kwenda kutolewa kigaga sikioni au uvimbe mgongoni. Hapo ngozi haina usaha, na ganzi inafanya kazi yake. Mahali nako kuna tofauti: ncha ya pua, mdomo, sikio, kiganja na unyayo huuma zaidi wakati wa sindano kuliko mgongo, tumbo au paja.

Kunyamaza si ushujaa hapa

Wazee wetu wengi walipita jandoni bila ganzi yoyote, na waliambiwa anayetikisika ameaibisha ukoo. Wapo wazee wa Kigogo ambao bado wana alama ya duara kwenye paji la uso, na ndewe za masikio zilizotobolewa na kutanuliwa wakiwa watoto. Mtu aliyelelewa hivyo akilazwa kitandani hatalalamika. Atakaza meno na kutazama dari.

Kwa daktari ukimya huo ni habari ya uongo. Anachojua ni kwamba mgonjwa ametulia, kwa hiyo ganzi imeshika, kwa hiyo anaendelea. Maumivu nayo hupandisha mapigo na presha, damu ikatoka zaidi, mwili ukakaza na kazi ikawa ngumu. Babu anayesema "hapo pana makali" anamsaidia daktari kufanya kazi safi.

Kitu kimoja cha kukubaliana kabla: usijitikise. Ukiona makali, sema. Usirushe mkono. Wengine huelewana na nesi kwamba mgonjwa atainua kidole cha mkono ulio huru, na hilo linafaa hasa kazi ikiwa usoni au mdomoni ambako huwezi kuongea.

Taa, shuka, sauti na harufu

Chumba cha upasuaji mdogo ni cha baridi, kitanda ni kigumu na chembamba. Utapakwa dawa ya kusafishia, mara nyingi ya rangi ya kahawia, nayo ni ya baridi na inaweza kutiririka hadi mgongoni. Halafu utafunikwa kitambaa chenye tundu, kazi ikifanyika tunduni. Ikiwa kazi ni usoni, kitambaa hicho kinaweza kukufunika macho na pua, ukahisi kama unakosa hewa. Hewa ipo. Lakini kama unaingiwa na hofu, omba kitambaa kiinuliwe upande mmoja ili uone mwanga na uso wa mtu. Ni jambo la sekunde tano.

Kwa mtu mwenye ualbino taa ni suala zito zaidi. Macho yake hayavumilii mwanga mkali, na taa ya upasuaji iliyoelekezwa usoni inaweza kumtesa kuliko kisu. Atafinya macho, atageuza kichwa, na daktari atamwambia "tulia" bila kujua tatizo ni nini. Aombe mapema kufunikwa macho kwa gozi nene au kitambaa. Tungependa kila muuguzi afanye hivyo bila kuombwa.

Sauti utakazosikia ni vyombo vya chuma kwenye sinia na mkasi ukikata uzi. Kwenye hospitali yenye mashine ya kuchoma mishipa ya damu utasikia mlio mwembamba, kisha harufu kama ya nywele zilizoungua. Ni wewe unayenuka, hakuna njia nzuri ya kulisema hilo. Mashine inaziba vimishipa vidogo ili damu isimame, na ganzi ikiwa imeshika moto wake huusikii. Mgonjwa asiyeambiwa mapema hushtuka sana kwa harufu hiyo, wakati onyo la sentensi moja lingetosha. Kama una kifaa chochote cha kusaidia moyo mwilini, waambie kabla mashine haijawashwa.

Kimiminika cha uvuguvugu kikitiririka shingoni ni damu kidogo au dawa ya kusafishia. Kwa macho ya aliyelala huonekana nyingi kuliko ilivyo. Ni bora usiangalie.

Mazungumzo husaidia. Nesi anayekuuliza mvua imefika wapi kwenu na uwele umefikia kimo gani hapotezi muda: anaushughulisha ubongo na jambo jingine. Tafiti katika nchi mbalimbali zimeona pia kwamba muziki hupunguza wasiwasi wa mgonjwa aliye macho. Sisi watu wa redio hatuna pingamizi.

Nyama iliyokatwa inakwenda wapi

Swali hili wengi huliogopa kuliuliza, na kwa mtu mwenye ualbino nchini mwetu lina sababu nzito. Mauaji na mashambulizi yaliyotikisa nchi kuanzia miaka ya 2006 na 2007 yalitokana na watu kutafuta viungo vyao. Mtu aliyeishi katika hofu hiyo hawezi kulala kwa utulivu huku kipande cha mwili wake kikiwekwa kwenye sinia asilojua linakwenda wapi.

Uliza. Kipande kinachohitaji kupimwa huwekwa kwenye chupa yenye dawa ya fomalini, kikaandikwa jina lako, namba ya faili, tarehe na sehemu kilipotolewa, kisha kinapelekwa maabara ya patholojia. Taka nyingine zenye damu au nyama hutengwa na kuteketezwa kwenye kichomea taka cha hospitali. Omba kuonyeshwa chupa ikifungwa na jina likiandikwa. Mhudumu asikasirike kwa ombi hilo, na anayemsindikiza mgonjwa anaweza kwenda kushuhudia. Hata kwa mgonjwa mwingine yeyote ni tabia nzuri, kwa sababu chupa isiyo na jina ni majibu yaliyopotea.

Wapo watakaotibiwa bila kukatwa. Vigaga vya mwanzo kabisa huweza kuchomwa kwa ubaridi, kwa gesi ya naitrojeni iliyogeuzwa maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hapo mara nyingi ganzi haitumiki. Utasikia kama barafu, halafu kama moto, kwa sekunde chache, na baadaye itapiga pigo la maumivu kama sehemu iliyoungua. Lengelenge linaweza kutokea siku inayofuata. Usilipasue.

Kabla ya kwenda, na njiani kurudi

Kula. Hili linawaponza wengi. Kwa nusu kaputi unaambiwa usile, lakini kwa ganzi ya ngozi, isipokuwa umeambiwa vingine, kunywa chai na kula kama kawaida. Mtu aliyetoka kijijini saa kumi alfajiri kwa bodaboda na tumbo tupu ndiye anayezimia akiona sindano. Ukihisi jasho jembamba, macho kuwa na giza au kichefuchefu, sema na ulazwe chali miguu ikiwa juu.

Wataje dawa zote unazotumia, za presha, za kisukari, aspirini, za kuzuia damu kuganda, na za miti shamba pia. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako.

Ganzi tupu hudumu saa moja au mbili, yenye adrenalini saa kadhaa. Ikiisha, maumivu huja. Meza parasetamoli kabla hayajaanza: kwa mtu mzima gramu moja, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, isizidi gramu nne kwa siku. Waliokonda sana au wenye ugonjwa wa ini wamuulize daktari kipimo chao. Kama una safari ya saa tatu hadi Kibaigwa au Chemba, meza kabla ya kupanda gari.

Wakati ganzi bado ipo, mdomo uliofanyiwa kazi unaweza kuung'ata bila kujua, na chai ikakuunguza. Kidole kilichokufa ganzi usikitie kwenye ugali wa moto. Tumia mkono mwingine, au kijiko, wageni watakusamehe.

Kidonda kikitoa damu njiani, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 15 mfululizo bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, rudi. Vumbi letu la kiangazi ni baya kwa nyuzi mbichi, kwa hiyo bendeji ibaki imefunika, na kama ni mguu, keti nyuma ya bodaboda mguu ukiwa mbali na tairi na ekzosi.

Maumivu ya kawaida hupungua kila siku. Yakiongezeka siku ya tatu, kidonda kikawa na joto, kikavimba au kutoa usaha, usisubiri tarehe uliyopewa.

Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, za mgongo au tumbo siku 10 hadi 14, za mguu karibu wiki mbili. Kuzitoa hakuhitaji ganzi. Utasikia kubanwa kidogo na uzi ukiteleza, basi. Zahanati ya karibu inaweza kufanya kazi hiyo ukiwa na karatasi ya hospitali, ukaokoa nauli. Ila majibu ya maabara hayaji zahanati yenyewe. Kabla ya kuondoka hospitali, andika namba ya faili na tarehe ya kufuatilia, uliza ni nani wa kumpigia simu, na acha namba mbili zako, ya kwako na ya mtu ambaye simu yake huwa na chaji.